Faili Linalorefuka

Hosteli, Kasese
3 Februari 2014

Babu mpendwa,

Wasingya, asante sana kwa kahawa na ndizi ulizompa dereva Baker. Alizishusha getini akapiga honi mpaka mlinzi akamtukana kwa lugha tatu. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza, maana tangu masikio yako yazibe, simu kwako ni kipande cha sabuni kinachowaka taa. Hayo ni maneno yako mwenyewe.

Nimepata chumba katika hosteli ileile. Najua hukutaka. Lakini chumba cha kaka Thembo kilikuwa chini, upande wa nyuma, na tangu mto ulipokiingia mwezi wa tano mwaka jana wamekipigilia mbao mlangoni na dirishani. Mimi niko ghorofani, mbele. Mto siuoni, nausikia tu, na kwa kiangazi hiki sauti yake ni ndogo.

Shida niliyo nayo ni ya kijinga. Hosteli ina mtandao wake wa ndani: waya hutoka kila chumba hadi kwenye kisanduku kilicho kwenye ujia, nasi hupeana notsi na filamu bila kulipa intaneti. Mwaka huu mtandao umekuwa mzito ajabu. Faili ambalo lingefika wakati mtu anapiga mswaki, sasa linachukua hadi chakula kipoe. Shamira, tunayelala naye chumba kimoja, alinisingizia mimi. "Dada, hebu acha kuvuta Hollywood yote, na sisi tupumue." Ashiraf, fundi wa mtandao, amezima na kuwasha kisanduku mpaka amechoka.

Jana Shamira akaniita. Ukifungua dirisha la mtandao, yanaonekana majina ya kompyuta zote zilizowashwa. "Huyu mwenye jina la kaka yako ni nani?" Nikatazama. Imeandikwa THEMBO WA BWERA. Ndivyo alivyoiita laptopu yake, na wewe ulimcheka ukasema akina Thembo wa Bwera wanajaza lori.

Ndani yake kuna folda moja, na ndani ya folda faili moja la sauti, jina lake Kwa Mama. Nimeanza kulinakili. Tangu jana mstari wa kijani umesogea upana wa ukucha.

Usimwambie Mama.

Mjukuu wako,
Sylivia


Bwera
8 Februari 2014

Mjukuu wangu Sylivia,

Barua yako imefika. Baker aliikalia kuanzia Kikorongo mpaka hapa, imekunjika kama chapati, lakini inasomeka.

Nianze na uzito wa mtandao, kwa sababu kitu kikieleweka huacha kutisha. Kumbuka daraja la Mpondwe siku ya soko. Daraja ni lilelile kila siku, ila siku ya soko watu wote wanataka kuvuka kwa pamoja. Sasa mwanamke mmoja akiingia darajani na gunia la kahawa kichwani, akatembea taratibu bila kusimama, walio nyuma yake wote watatembea mwendo wake, hata kama wamebeba yai moja. Katika mtandao wenu kuna mtu mwenye gunia. Ashiraf amtafute. Hilo tu.

Pili, jina. Laptopu hufa majini, lakini si sehemu zake zote. Mtu akiiokota topeni, akaikausha, akaiuza, mnunuzi ataiwasha na kukuta jina la mwenyewe na mafaili yake. Kasese ina mafundi wa namna hiyo. Basi kuna kijana hapo hosteli anayetumia kompyuta ya marehemu bila kujua. Mtafuteni kwa upole.

Tatu, kuhusu hilo faili naelewa kwa nini unalitaka. Mama yako hajui kusoma, nami sisikii. Kwa hiyo kaka yako alikuwa akituma vitu viwili kwa gari la Baker: karatasi yangu, na kadi ndogo ya kumbukumbu yenye sauti yake kwa Loyi, mama yako. Loyi alikuwa akiiweka kwenye simu, akakaa jikoni akijibu kana kwamba mtoto yupo mbele yake. "Eeh. Eeh. Na ulikula nini?" Mimi nilikuwa naona midomo tu.

Sasa jambo la nyumbani. Wazee wa ukoo wamekaa. Watu wa ziwani walioahidi kutafuta mwili hawatafuti tena. Mvua za Machi zikikuta mtu wa maji hajazikwa, wazee wanasema maji huja kumwulizia mlangoni. Kwa hiyo tutazika gogo la mgomba mahali pake, kama walivyozikwa waliopotelea vitani na mlimani.

Nieleze jinsi inavyofanywa, maana kizazi chenu hakijaona. Gogo halifukiwi kabla ya mtu kuitwa. Mkuu wa nyumba hushuka mtoni na mtu mmoja tu wa damu, wa nyumba hiyohiyo, wengine wakibaki kaburini. Mkuu huita jina. Yule wa pili kazi yake ni kusikiliza. Kukiwa kimya, wanapanda na kuzika. Anayeita haruhusiwi kuwa ndiye anayesikiliza, kwa sababu moyo wa anayeita husikia unachotaka.

Mimi ndiye mkuu wa nyumba hii. Wewe ndiwe sikio langu. Tutaita kwenye mto wetu wa Lhubiriha, ingawa aliyemchukua ni Nyamwamba, mto wa huko Kasese. Mito hii miwili ni dada, mama yao ni mlima mmoja, ila wameolewa nchi tofauti.

Mama yako amekataa. Alisimama mbele ya wazee, akasema polepole ili nami nimsome midomo: "Mutazika mugomba. Mutoto wangu hamutamuzika."

Babu yako,
Yafesi Tsongo


Hosteli, Kasese
12 Februari 2014

Babu,

Mwenye gunia amepatikana, lakini sijui nikuelezeje.

Ashiraf alikuja mchana na kifaa chake. Pale kwenye kisanduku kila waya una taa yake ndogo, na taa ikichezacheza maana yake kuna kitu kinapita. Alichomoa waya mmoja mmoja, wangu nikamsihi auache. Tukafika kwenye waya wa mwisho, akasoma namba yake mara mbili. Tukaufuata ukutani, tukashuka ngazi, tukapita jikoni. Unaingia kwenye chumba cha kaka.

Tulichungulia katikati ya mbao. Babu, mle ndani tope limejaa hadi usawa wa kitanda, limekauka na kupasuka kama mkate. Hakuna nyayo, hakuna umeme. Nyaya za stima zilikatwa tangu wakati ule. Waya wa mtandao unatoka ukutani na kuzama kwenye tope, basi.

Ashiraf akaniambia, "Sister, hapa hakuna mutu. Hakuna stima. Lakini ile taa inacheza." Nikamwuliza kama atauvuta. Akafunga begi lake. "Wewe ndiye wa damu yake. Vuta wewe. Mimi nitakuwa Hima kwa shangazi yangu." Hata hakudai nauli.

Sikuuvuta. Ukikata waya, kunakili kunaanza upya kabisa, na mstari umeshafika karibu nusu.

Kuna jambo jingine. Kila asubuhi natazama ukubwa wa faili. Linazidi. Nikinakili kipande, lenyewe linaongezeka kipande. Ndiyo maana mstari hausogei, si kwa uzito tu.

Ashiraf alikuwa ameniwekea programu inayocheza faili hata kama halijakamilika. Nimesikiliza kipande nilicho nacho. Ni sauti ya maji. Si ya mvua wala ya bomba. Ni maji yanayopita juu ya kitu.

Shamira amehamia chumba cha mwenzetu Night. Amesema ni kwa sababu mimi nakoroma.

Sylivia


Bwera
15 Februari 2014

Mjukuu wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima kabla ya kushika kalamu. Nitaeleza ninachoweza.

Waya uliolowa unaweza kudanganya. Chumvi za tope hupitisha umeme kidogo, na taa ikapepesa bila ujumbe wowote. Nimefundisha fizikia miaka mingi na nimeona nyaya zikifanya vituko vikubwa kuliko hicho. Taa naielewa.

Jina la kompyuta kuonekana dirishani nalielewa nusu. Vyombo hivyo huwa na kumbukumbu ya majina ya zamani.

Faili silielewi. Nilikwenda kwa Fred, anayefundisha kompyuta katika shule ya jirani, nikamwandikia swali kwenye ubao wake: faili laweza kurefuka wakati linanakiliwa? Akanijibu kwa chaki, akifurahi kwamba mzee ameuliza jambo la maana. Alisema inawezekana, na sababu yake ni moja. Ni kama kukunja mkeka upande huu wakati mtu wa upande ule bado anausuka. Huwezi kufika mwisho, kwa kuwa mwisho haujafika. Faili linalorefuka ni faili ambalo bado linarekodiwa.

Nilimshukuru. Nikafuta ubao mwenyewe kwa kiganja.

Sylivia, uvute waya huo. Sikuambii kwa hasira. Kitu ambacho hakijazikwa hushika kitu kilicho karibu, na kilicho karibu nacho ni wewe. Tumeisogeza siku. Tunazika tarehe ishirini na mbili. Njoo na Baker siku moja kabla. Bila wewe nitaita mtoni kama mtu anayepiga kelele ndani ya mtungi.

Mama yako bado hasemi nami. Chakula ananipa, lakini anakiweka chini na kugeuka kabla sijamwona midomo.

Babu yako,
Yafesi


Hosteli, Kasese
20 Februari 2014

Babu,

Nisamehe, siji. Mstari umebaki kidogo sana, na nikizima laptopu yangu kila kitu kinapotea. Siwezi kumwachia mtu, kwa kuwa hakuna anayekubali hata kuingia chumba hiki.

Wewe utazika gogo. Mimi nina sauti yake hapa, au kitu kinachotaka kuwa sauti yake. Ungekuwa wewe ungeondoka?

Mwombe Mama akusikilizie mtoni.

Sylivia


Bwera
23 Februari 2014

Mjukuu wangu,

Tumemzika.

Sikukasirika, na hapa nakueleza mambo yalivyokwenda kwa kuwa ulipaswa kuwepo.

Jirani yetu Ezironi alikata mgomba wenye urefu wa kaka yako, tukaufunga kwa shuka yake ya shule. Watu walikuja wengi, hata kutoka Kitswamba, marafiki wa marehemu mwanangu, baba yako. Mama yako alijifungia jikoni. Nilimwomba kupitia mlangoni aje awe sikio. Ezironi alinitafsiria jibu lake kwa mikono, na mikono yake ilikuwa na adabu kuliko jibu lenyewe.

Wazee wakaanza kubishana nani anifuate. Jua lilikuwa kali, watu wana njaa. Ezironi si wa damu. Wengine wa damu ni watoto, na mtoto hapelekwi kazi hiyo. Mwishoni nikasema, "Nitaita mwenyewe." Walitazamana. Hakuna aliyetaka kumwambia mkuu wa nyumba kwamba hasikii, jambo ambalo mkuu wa nyumba analijua kuliko wao. Heshima yetu hii, wakati mwingine ni ugonjwa.

Nilishuka peke yangu. Niliita: "Thembo! Uko wapi?" Nilingoja. Maji yalipita, ndege aliruka upande wa Kongo, majani hayakutikisika. Nilijiambia kwamba macho yangu yanatosha. Nikapanda nikawaambia kimya. Tukazika.

Sasa niambie kwamba waya umeuvuta, au faili limekoma lenyewe.

Babu yako,
Yafesi


Hosteli, Kasese
25 Februari 2014

Babu,

Soma barua hii umeketi.

Siku ya mazishi, mchana, mstari ulifika mwisho. Kompyuta ikalia kengele yake ndogo. Nikavaa vipokea sauti nikasikiliza tangu mwanzo. Maji, maji, maji, siku nzima nzima za maji. Nikaruka hadi mwisho.

Mwishoni maji yanapungua, kana kwamba mtu amegeuza kichwa ili asikie. Kisha kwa mbali sana, kutoka juu, kuna sauti ya mzee akiita. Ni wewe, Babu. Ni sauti yako hasa, na kile kikohozi chako katikati ya jina. Unaita, "Thembo! Uko wapi?"

Kaka anajibu. Yuko karibu, karibu kuliko wewe. Anasema: "Niko hapa, Babu. Nina tope. Sijaoga."

Anangoja. Halafu anasema tena, kama alivyokuwa akikusemesha wewe tangu ulipoacha kusikia, polepole na kwa sauti ya juu: "Babu. Nina tope."

Kisha nasikia wewe ukiondoka. Nyayo zako juu ya changarawe.

Babu, wewe uliita Bwera na mimi niko Kasese, na kati yetu kuna mbuga nzima. Sikupi hii ili uumie. Nakupa kwa sababu nilipaswa kuwa pale na sikuwa.

Faili limeanza kurefuka tena. Sasa ni maji tu, lakini yeye yumo, nasikia pumzi. Anangoja.

Sylivia


Bwera
2 Machi 2014

Mjukuu wangu,

Nilimsomea mama yako barua yako. Nilimwita uani, nikaketi mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, nikasoma kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii. Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alifuta mikono kwenye kanga akasema, nami nilimwona kila neno:

"Nilisema mimi. Mutoto haendi kulala na matope."

Halafu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu wazee walipokaa. "Wee muzee, na masomo yako yote. Ulimuzika bila kumuogesha?"

Ni kweli. Kwetu hakuna mtu anayewekwa ardhini bila kuoshwa, hata mgeni aliyefia barabarani. Lakini gogo la mgomba nani aliwahi kuliosha? Wazee wetu walizika magogo ya watu waliofia mlimani, kwenye theluji, na theluji ni safi. Waliozama mtoni walipatikana, wakaoshwa. Sisi tulichukua desturi ya mlima tukamvika mtu wa tope, na katika wazee wote hakuna aliyewaza tofauti hiyo. Aliiwaza kaka yako, huko aliko.

Tulifukua jana. Tulikuwa Ezironi, mama yako na mimi. Siku saba ardhini, katika kiangazi hiki, nilitarajia gogo lililosinyaa. Lilikuwa zito, Ezironi alilinyanyua kwa shida. Shuka imelowa. Tulipolifungua, katikati ya maganda yake kulikuwa na tope. Nakueleza jinsi lilivyokuwa, kwa sababu niliwafundisha wanafunzi wangu udongo pia. Udongo wa shamba letu ni mwekundu. Tope hili lilikuwa la kijivu, laini, lenye vipande vidogo vinavyometameta juani. Ni tope la mto unaoteremka kutoka kwenye machimbo ya Kilembe. Kutoka Bwera hadi kwenye mto huo ni safari ya gari.

Nilitafuta maelezo. Nilikaa juu ya rundo la udongo nikiyatafuta, na Ezironi akinisubiri kwa adabu.

Mama yako hakutafuta. Alikwisha weka sufuria motoni. Alileta beseni, sabuni ya mche na kile kitambaa cha njano alichowaogeshea ninyi wote mlipokuwa wadogo. Alikaa chini akaliweka gogo mapajani. Alianza juu akishuka, ganda moja baada ya jingine, akitoa tope kwa kidole kama anavyosafisha sikio la mtoto. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani aliimba.

Kuna kitu nilikiona ambacho sikukielewa. Alikuwa ameanza tu kumwagia maji ya sufuriani. Ghafla mkono wake ukasimama hewani. Aliinamisha kichwa. Akacheka, Sylivia, mama yako alicheka, akaweka kikombe chini, akaenda kwenye mtungi, akachota maji baridi akayaongeza katika beseni. Akachovya kiwiko kupima. Kisha akaendelea. Ezironi hakusikia kitu. Nilimwuliza Loyi kwa nini, maana gogo la mgomba halijui moto wala baridi. Alikamua kitambaa akaendelea kuosha.

Baada ya hapo tulishuka mtoni, yeye na mimi, naye akasimama upande wangu wa kulia mahali pako. Niliita. Sikuangalia maji wala majani. Niliangalia uso wake tu. Alisikiliza muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Kimya. Kimya cha kweli, kilichosikilizwa na mwenye masikio.

Tumemzika upya, katika shuka kavu. Mama yako alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wake.

Nenda kwenye kompyuta yako uniandikie ulichokikuta.

Babu yako,
Yafesi


Hosteli, Kasese
4 Machi 2014

Babu,

Mtandao umepona. Shamira amerudi chumbani na godoro lake, ananiambia filamu nzima imefika kabla hajamaliza kufungua soda. Ashiraf amerudi pia kutoka Hima, anawaambia watu alibadilisha kifaa fulani. Nimemwacha aseme. Kwenye kisanduku taa ya waya ule imezimika. Dirishani hakuna tena jina la kaka.

Faili limeacha kurefuka. Nakala yake ninayo, nimeiweka kwenye kadi ndogo, Baker atampa Mama mkononi mwake. Sikukata kitu. Lakini mwisho wake nitakuandikia wewe, kwa kuwa Mama atausikia na wewe hutausikia, na nafikiri kaka angetaka upate karatasi yako kama zamani.

Kuna sauti ya chuma, kama sufuria juu ya jiwe. Mtu anaimba kwa pumzi, ule wimbo wa kutuogesha. Kuna maji yanamwagwa, kidogo, karibu sana.

Kisha kaka anapiga kelele: "Mama! Ya moto!"

Mama anacheka. Nyayo zinakwenda na kurudi. Maji yanamiminwa ndani ya maji.

"Na sasa?" anauliza Mama.

"Sasa ni sawa."

Hapo ndipo linapoishia.

Sylivia